Mnamwombea Nani Afe?

Katika makanisa mengi ya Kanda ya Ziwa, Mkristo anayepingwa hupewa ushauri mmoja: apige maombi ya vita. Atafunga siku tatu au saba, atakesha, na kwenye mkesha atafundishwa kuamuru moto umteketeze aliyemwinukia, kurudisha mishale kwa aliyeituma, na kutamka kwamba anayepanga kumwangusha atangulie yeye kaburini. Ushauri huu hautolewi vichochoroni. Umo redioni, umo kwenye spika za mikutano ya injili, umo kwenye mabango ya watumishi wanaojiita manabii, na umeshapenya hata katika vikundi vya maombi vya makanisa ya zamani yaliyokuwa yakiutilia shaka. Msingi wake ni mwepesi kueleza: nyuma ya kila upinzani kuna mtu, mtu huyo anatumiwa na shetani, na kazi ya maombi ni kumwondoa njiani. Naupinga msingi huo. Maombi ya namna hiyo hayana mzizi katika kanisa la kwanza, hayakuwa silaha ya Wakristo walioshambuliwa kweli katika nchi zetu, na hapa Shinyanga na Geita, kuliko pengine popote, yanaweza kumwaga damu ya mtu asiye na hatia.

Tuanze na Maandiko, kwa kuwa ndiko wahubiri wa moto wanakodai wamelitoa fundisho lao. Kuombea watu washukiwe na moto si jambo jipya. Liliwahi kuombwa, na jibu lake limeandikwa. Katika sura ya 9 ya Injili ya Luka, kijiji kimoja cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohana wakataka ruhusa ya kuagiza moto kutoka mbinguni ukiteketeze. Yesu aliwageukia akawakemea, kisha wakaenda kijiji kingine. Ukisoma mbele, utaona kukemewa huko kuliokoa nini. Katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, Samaria inaipokea injili, na mmoja wa mitume wawili wanaotumwa kwenda kuwaombea Wasamaria wapokee Roho Mtakatifu ni Yohana huyo huyo. Kama angepewa moto alioutaka, angekwenda kuwaombea akina nani? Yakobo naye tunamkuta katika sura ya 12, Herode akimuua kwa upanga, wala moto haukushuka kumwokoa. Sura hiyo hiyo inasimulia jinsi Petro alivyotolewa gerezani kanisa likimwombea. Mwandishi hasemi kwamba Yakobo aliombewa kidogo, wala kwamba Petro alikuwa na upako mzito zaidi. Hata kifo cha Herode, ambacho wahubiri hupenda kukitaja, Matendo inakiunganisha na kujitwalia kwake utukufu wa Mungu mbele ya watu. Hakuna mahali panaposema kanisa liliomba afe. Na pale Petro na Yohana walipotishwa na Baraza wasinene tena kwa jina la Yesu, wenzao waliinua sauti wakaomba jambo moja la kushangaza: wapewe ujasiri wa kuendelea kunena. Vitisho walimwachia Bwana avitazame. Waliotishia hawakuombewa dhara lolote.

Tuje kwetu. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa mwalimu Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kuwa askofu, alilazimika kukimbia nchi. Mwaka huo huo alitoa kitabu alichokiita I Love Idi Amin. Kumpenda Amin hakukumfunga mdomo: huko ugenini aliyatangaza mauaji ya Uganda kwa yeyote aliyetaka kusikia. Alichokataa ni kuiacha chuki imgeuze afanane na mtu aliyekuwa akimkimbia. Miaka 13 kabla ya hapo, tarehe 1 Desemba 1964, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, Kongo, wakati wa uasi wa Simba, akiwa amemwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa. Parokia ya Komanda, huko Ituri, ina jina lake. Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliivamia parokia hiyo waumini wakiwa katika mkesha wa maombi, na watu zaidi ya 40 wakauawa kanisani hapo na mjini. Wanaofundisha kwamba maombi mazito huzuia adui asikaribie hawana la kuwaambia wafiwa wa Komanda, isipokuwa kwamba ndugu zao hawakuomba vya kutosha. Fundisho likilazimika kumshitaki marehemu ili lenyewe lisionekane limeshindwa, hilo ni fundisho la uongo.

Hoja hizo zingetosha mahali popote. Shinyanga na Geita zina hoja nyingine, nzito kuliko hizo, inayotokana na historia yetu wenyewe. Usukumani kuna utaratibu wa zamani wa kueleza msiba: mtoto akifa, ng'ombe wakipukutika au mvua ikikatika, watu huenda kwa nfumu, yaani mganga, nfumu hupiga ramli, na ramli hutoa jina. Mara nyingi jina hilo limekuwa la bibi mjane, tena mara nyingine ushahidi pekee ukiwa macho yake mekundu, macho yaliyoharibiwa na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe katika mkoa uliofyekwa miti. Sungusungu, walioinuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, mahali pengine waligeuka kuwasaka watu waliotajwa kuwa wachawi. Baadaye wakaja wakata mapanga wa kukodiwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2013 pekee watu zaidi ya 700 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Ramli hizo hizo ndizo zilizowaaminisha wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya mwenye ualbino huleta utajiri, mpaka Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sasa chukua hatua za ramli uzilinganishe na hatua za maombi ya vita. Katika ramli, msiba hautokei bure. Katika maombi ya vita, upinzani hautokei bure. Ramli husema yupo mtu aliyeuleta. Mtumishi naye husema yupo mtu aliyeutuma. Kwa nfumu, dawa ni kumshughulikia mtu huyo. Kwenye mkesha, dawa ni mtu huyo afe. Aliyebadilika ni mwenye ofisi tu, na kitabu alichoshika mkononi.

Si kwamba wanaokimbilia maombi haya ni wajinga. Uchumi wa ukanda wa dhahabu unawafundisha kila siku kwamba jitihada na matokeo haviendi pamoja. Wachimbaji wawili wadogo wanaweza kuchimba maduara yanayopakana, kwa nguvu sawa na madeni sawa. Mmoja akafikia mwamba wenye dhahabu, mwenzake akapeleka mawe kwenye karasha wiki baada ya wiki bila kupata hata ya kulipia mafuta. Ukimwambia huyu wa pili kwamba ndivyo miamba ilivyo, umempa ukweli usiomfariji. Nabii akimwambia kwamba nyota yake imeshikwa na ndugu wa baba yake, amempa maelezo, amempa adui, na amempa la kufanya usiku huo huo. Ongeza kesi zinazopigwa kalenda mpaka mlalamikaji anachoka, na zahanati isiyo na dawa, utaelewa kwa nini mkesha unajaa. Lakini kuelewa kwa nini mtu anakunywa maji machafu hakuyafanyi maji hayo kuwa safi. Mkristo aliyeambiwa kwamba kufeli kwake ni kazi ya shangazi yake ameporwa mara mbili: hajaujua ukweli kuhusu shida yake, na amempoteza shangazi.

Ukristo wa sehemu hizi uliwahi kutoa jibu jingine, na jibu hilo bado limesimama Kolandoto. Hospitali ya Kolandoto, ambayo leo iko chini ya Kanisa la AIC, ilianzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa Africa Inland Mission, na kwa miaka mingi ilikuwa pia mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa ukoma. Wamisionari hao walikuwa watu wa maombi, na walikuwa na makosa yao. Ila kazi yenyewe ilibadilisha swali. Kwa nfumu swali lilikuwa nani amekutupia. Wodini swali likawa una ugonjwa gani, umekupata lini, na tunautibu vipi. Homa ikishaitwa malaria, haina tena haja ya kuitwa kwa jina la jirani. Mwenye ukoma, ambaye kwingine alitengwa, aliguswa, akafungwa vidonda, akaombewa akiwa kitandani. Wapo watakaosema kwamba hospitali ni jambo moja na vita vya kiroho ni jambo jingine. Sikubali. Kanisa linalowaombea wagonjwa wodini asubuhi haliwezi, usiku wa siku hiyo hiyo, kusimama kwenye mkesha na kutangaza kwamba magonjwa hayo yametumwa na wazee wa ukoo. Mojawapo ya kauli hizo mbili itaiua nyingine, na kwa sasa inayopewa spika kubwa ni ya usiku.

Watetezi wa maombi ya vita wana majibu, na ni haki yapimwe. La kwanza ni kwamba wao hawapigani na watu: Paulo amewaambia Waefeso kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, kwa hiyo moto wanaouita unayashukia mapepo. Jibu hili lingekuwa zuri kama lingelingana na maneno yanayotamkwa. Pepo halina ukoo, halina upande wa mama, halifanyi kazi ofisi moja na muumini, wala halizikwi. Ombi linaloagiza mchawi wa ukoo afe kabla ya mwezi kwisha linamzungumzia mtu mwenye mwili na kaburi. Hata pale ambapo mhubiri hataji jina, msikilizaji huondoka mkeshani na nafasi iliyoachwa wazi, na akifika nyumbani anaijaza kwa sura anayoijua. Katika kijiji ambako bibi amewahi kukatwa mapanga kwa sababu ya nafasi kama hiyo, mhubiri hawezi kunawa mikono kwa kusema alikusudia roho. Zaidi ya hayo, msomeni Paulo mpaka mwisho wa kifungu. Baada ya kuorodhesha ukweli, haki, amani na imani kuwa ndizo silaha, anawaomba Waefeso wamwombee, naye yuko kifungoni. Haombi askari wake wapatwe na balaa, wala minyororo ikatike. Anaomba apewe maneno, ayaseme kwa ujasiri. Ni ombi lile lile la kanisa la Yerusalemu.

Jibu la pili ni la Zaburi, nalo lina uzito zaidi. Ni kweli kwamba Zaburi ya 35, ya 58 na ya 109 zina maneno makali dhidi ya adui, na sitaki kuyalainisha. Mtu aliyeonewa ana haki ya kumlilia Mungu bila adabu ya kanisani, na aliyefiwa kwa mkono wa muuaji hapaswi kuambiwa atabasamu. Lakini tazama anayesema katika Zaburi hizo ni nani. Katika Zaburi ya 109, mwombaji ni mtu aliyezungukwa na ndimi za uongo, anayeshitakiwa kwa jambo asilolifanya na watu aliowatendea mema. Katika ya 35 mashahidi wa uongo wamesimama wanamuuliza mambo asiyoyajua. Tukiileta sauti hiyo Shinyanga na kuuliza inatoka kinywani mwa nani, haitoki kwa vijana wa mkeshani wanaomlaani mchawi asiyejulikana. Inatoka kwa yule bibi aliyetajwa kwenye ramli, anayesikia majirani wakinong'ona na hajui usiku gani mlango wake utavunjwa. Zaburi za laana ni maombi ya mshitakiwa, na sisi tumezipora tukawapa washitaki. Tena hata yeye, kwa uchungu wote huo, anaikabidhi kesi kwa Mungu na kuiacha huko. Kulipa kisasi si kazi yake tena.

Jibu la tatu ni la vitendo: Wakristo wanauawa, makanisa yanavunjwa, na kusema tuwaombee mema wanaotushambulia ni kutuvua nguo mbele ya adui. Matukio ya Geita yenyewe yanatusaidia kulipima. Februari 2013, huko Buseresere, ubishi kati ya Wakristo na Waislamu kuhusu nani achinje nyama ya kuuzwa buchani uligeuka vurugu, na mchungaji wa Assemblies of God akauawa. Ndani ya tukio hilo kulikuwa na mambo mawili ambayo maombi ya vita huyachanganya. Moja lilikuwa swali la desturi, biashara na haki, ambalo majirani wa imani mbili wanaweza kukaa wakalizungumza. Jingine lilikuwa mauaji, na mauaji ni kazi ya polisi na mahakama. Kuwaita Waislamu wa mji mzima adui wa kuombewa moto kusingejibu swali la kwanza wala kumtia muuaji mbaroni. Kungewapa tu watu wasiohusika sababu ya kuwaogopa Wakristo. Na nani anajua ni nani ungemkuta katika kundi hilo? Desemba 2015, karibu na Mandera nchini Kenya, Al-Shabaab walilisimamisha basi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Ombi linalomhesabu Salah Farah upande wa adui haliwezi kuwa limetoka kwa Mungu anayejua kila mtu alifanya nini siku ile.

Tukio la pili la Geita linaonyesha kwamba ipo njia nyingine, nayo haina unyonge ndani yake. Mwishoni mwa Februari 2023, mtu mmoja aliingia katika Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Geita akaharibu vitu vitakatifu. Mtuhumiwa alikamatwa na polisi. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa kwa siku 20 za toba na malipizi, kwa kuwa sheria ya Kanisa Katoliki hairuhusu ibada mahali palipotiwa unajisi mpaka pafanyiwe kwanza ibada ya toba. Wengine waliona ajabu: waliokosewa ndio wanaotubu? Hapo ndipo palipo na nguvu ya jambo lenyewe. Siku hizo 20 waumini hawakupewa mtu wa kumchukia. Kosa lilipelekwa mbele ya Mungu, mkosaji akaachwa mikononi mwa sheria, na kila kimoja kikabaki mahali pake. Paulo alifanya vivyo hivyo: watu zaidi ya 40 walipokula kiapo cha kumuua, hakuwalaani, alimtuma mpwa wake kwa jemadari wa Kirumi, akasindikizwa na askari usiku, na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kuabudu, na Mkristo anayepiga magoti ana haki ile ile ya kufungua jalada polisi kama mtu mwingine yeyote. Anayesema kwamba asiyelaani amejisalimisha hajatofautisha kulipiza kisasi na kudai haki.

Basi maombi yana kazi gani Mkristo anapopingwa? Aombe kuokolewa, kwa kuwa Sala ya Bwana yenyewe inaomba tuokolewe na yule mwovu. Aombe ujasiri, kama walivyoomba Yerusalemu. Ajipime kwanza kama anapingwa kwa ajili ya imani au kwa ajili ya deni asilolipa, mpaka wa shamba alioupindisha, au ulimi wake. Waraka wa Kwanza wa Petro unawaonya Wakristo wasiteswe kama watenda mabaya wala kama watu wa kujishughulisha na mambo ya wengine, na sehemu kubwa ya kinachoitwa vita vya kiroho mitaani kwetu ingeishia hapo. Kisha amwombee anayempinga, kwa jina kama analijua, ombi ambalo mhusika akilisikia kupitia dirishani hatakuwa na sababu ya kukimbia. Kipimo hicho cha mwisho kinatosha kuyapima maombi ya kanisa lolote, na wachungaji wa Shinyanga na Geita wangeweza kuanza kukitumia Jumapili ijayo bila kikao wala bajeti. Ombi lisiloweza kusemwa mbele ya bibi anayekaa kiti cha nyuma lisisemwe madhabahuni. Na mtumishi anayeendelea kutangaza kwamba mchawi wa ukoo atakufa mwezi huu ajue kwamba siku bibi huyo atakapokatwa mapanga, swali la nani aliyemtaja litamhusu na yeye.